Maua Yasiyokula Udongo

Jirani yangu hapa Beni, muke wa pasta, hapiti mbele ya baraza yangu jua likianza kuzama. Anazunguka na njia ya nyuma, kule kwenye matope, na viatu vyake vya kanisa, shauri yake. Amewaambia watu kwamba mimi nafuga vitu. Ni kweli nafuga: nafuga maua. Lakini kwake yeye, kitu ambacho hakina udongo, kinaning'inia kwenye kipande cha muti na mizizi yake inje kama mikia ya panya, muchana kutwa hakinuki, halafu magharibi inapoingia kinaanza kunukia mpaka ndani ya sufuria za watu, hicho si ua. Siku moja alisimama mbali akaniuliza: "Mama, ile kitu inakulaka nini?" Nikamujibu: "Inakulaka hewa." Tangu siku ile ndiyo hiyo njia ya nyuma.

Simulaumu sana. Mimi mwenyewe harufu ile inanisisimua mwili. Ina kitu cha ndimu, kitu cha sabuni nzuri, na ndani kabisa kitu kama kichwa cha mutoto muchanga. Ikinikuta natwanga sombe, majani ya muhogo, muchi unasimama hewani. Na tangu tumuzike Mama kule Butembo, imezidi. Nyinyi wa umri wangu, mulioiona rebeliyo, ile vita ya waasi, mungali watoto, mutanielewa: kuna mambo ya utoto ambayo mutu anayapanga vizuri kichwani, anayapa maelezo ya kisomi, analala usingizi wake. Mimi nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Papa yangu alikuwa mutu wa mbao. Alikuwa anapanda mpaka Eringeti, kule pori kubwa linapoanzia, ananunua mbao kwa wapasuaji, anazipakia kwenye kamio, lori lake, na kuzileta Butembo. Na Butembo munaijua: hata vita ikiwa mulangoni, mutu anajenga. Wapasuaji walipoangusha muti mukubwa, vilele vyake vilianguka pamoja na kila kitu kilichokuwa kinaishi kule juu, ambako hakuna mutu anapanda. Wenzake walikuwa wanakanyaga tu. Papa aliingia ndani ya matawi yale na gunia lenye maji, akaokota maua. Mapadri wazungu walikuwa wanayaita orkide. Sisi nyumbani tuliyaita maua ya hewa.

Mama hakuwa anachoka kumuchokoza. "Shoferi benzako banaletea bibi zabo nyama ya pori. Weye unaniletea majani yenye haiivake!"

"Itaiva mu pua," Papa alikuwa anajibu. "Ngojea magaribi."

Alikuwa anayafunga kwenye muti wa avoka, ndiyo parachichi, ulio katikati ya parsele, eneo la nyumba yetu, pale juu ambako ukisimama unaona kiwanja cha ndege cha Rughenda. Na kufunga kwake kulikuwa na sheria. Si kamba ya mugomba, kwa sababu inaoza mbio. Si nailoni, kwa sababu inakata mizizi. Ni kitambaa cha pamba, na hakikatwi na makasi, kinapasuliwa kwa mikono kufuata uzi, kwa maana kilichopasuliwa kina meno, kinashika ganda la muti. Unazungusha, unakaza, unapiga fundo upande jua linapozama, na ncha zote mbili unazielekeza chini ili mvua idondoke. Kitambaa kikifika kuoza, mizizi imekwisha kushika. Nguo zetu zote zilimalizikia pale: gauni langu la ubatizo, shuka za zamani, kaptula za wadogo zangu. Muti ule ulikuwa unavaa vizuri kuliko sisi.

Kuyanywesha, alikuwa anajaza maji kinywani na kuyapuliza, pfuu, kama mvua nyembamba. Mama yake, tuliyekuwa tunamuita Mukaka, ndiyo nyanya kwa Kinande, jambo lile lilikuwa linamukera. Kwetu mukubwa anapuliza maji hivyo kwenye kifua cha mutoto wake akitaka kumubariki. "Unabariki miti?" alikuwa anauliza. "Na siku ikianza kukuita Papa?"

Mimi nilikuwa chini pale nasikiliza. Nilimuuliza Papa maua yanakula nini, akasema hewa. Hewa gani? Akanipulizia usoni, akacheka. Basi nikaelewa kwa akili yangu ya meno yanayong'oka kwamba maua yale yanakula pumzi ya Papa, na kwamba ile harufu ya jioni ndiyo pumzi yenyewe yanairudisha. Papa alikuwa ananuka mazutu ya kamio na vumbi la mbao, lakini mutoto hajali ushahidi.

Baridi ya Butembo iliua mengi. Moja lilimuuma Papa roho: ua jeupe kama nyota, lenye mukia mwembamba mrefu unaoshuka nyuma. Lilitoa maua wiki moja tu, likafa. Mama, yule aliyekuwa anadai majani hayaivi, ndiye aliyelilia. Papa akamuahidi: "Nitakuletea ingine. Ile yenye mukia."

Sasa nieleze habari ya shemizi, shati la Papa. Wazazi wangu walipofunga ndoa kanisani, nasi watoto tukiwa tumekwisha kuzaliwa, kama ilivyo kawaida, walinunua kitambaa kimoja: buluu, chenye picha za funguo ndogo nyekundu. Fundi alishona libaya, blauzi ya Mama, akabakiza vikwembe viwili vya kufunga, na Papa akapata shemizi. Walivaa pamoja siku za sikukuu tu. Wakipita barabarani unawajua kwa mbali, huyu ni wa huyu.

Asubuhi ile ya safari Papa alitoka chumbani amevaa shemizi ya funguo. Barabara ya Eringeti ilikuwa imeanza kuwa mbaya. Maaskari walikuwa wanabadilika kila mwezi, leo hawa, kesho wale, na ndege zao zilikuwa zinashuka Rughenda mpaka kuku wanaingia chini ya kitanda. Lakini mbao zake zilikuwa zimekwisha kupasuliwa, ziko porini. Mama alipoona shemizi, aliacha moto.

"Ile shemizi ni ya kanisa! Unaendaka ku mbao ao ku misa?"

"Ninaenda kusalimia muzee mwenye pori. Siwezi kumusalimia na shemizi ya mafuta, donc…"

"Donc nini? Sikiliza muzuri. Ukiipasula ile shemizi, usiingie nayo mu nyumba yangu!"

Papa alicheka mpaka mulangoni. "Bon. Nikiipasula, nitasimama inje, pale ku avoka. Utakuya kunisalimia kule."

Ndiyo maneno yao ya mwisho. Mama alikuwa angali ananung'unika kamio ilipowaka, na hakutoka kumusindikiza. Kwa hasira ya nguo.

Hakurudi. Mwanzo hatukuogopa, barabara ilikuwa na desturi ya kumeza watu na kuwatapika baada ya muda. Halafu habari zikaanza. Mumoja aliona kamio imeungua karibu na Oicha. Mwingine alimuona Papa anatembea kwa miguu, anaingia porini. Mwingine alisema si yeye, ni mutu wa kufanana naye. Kila mutu alikuwa amemuona Papa, na hakuna aliyemuona.

Mama hakulia mbele yetu. Alichofanya ni kimoja: kila jioni, watu wote wa Butembo wakifunga milango kwa sababu ya baridi na ya maaskari, yeye alifungua wa kwetu, akasimama pale kizingitini, uso kwenye avoka, midomo inatembea. Nilijua anasali. Mimi na kazi yangu pia. Nilipanda kwenye benchi, nikakaribia maua, nikayapulizia pumzi na kuyaambia tulichokula. "Papa, leo ni bugali na sombe. Papa, leo ni viazi, hakuna mafuta." Niliamini kwamba Papa yuko kule anakula kupitia hii pumzi yangu, na siku nikisahau atalala njaa. Nilikuwa napuliza mpaka kizunguzungu. Na mara nyingine, naapa, ua lilikuwa linatikisika kabla sijapuliza.

Wakati huo huo tukapewa mugeni. Askari mumoja mukubwa, tulimuita Ajida, mutu wa jimbo la Equateur, alikuja na godoro lake akachukua salon, sebule yetu. Hakuuliza. Hakuwa mubaya sana, alikuwa anawapa wadogo zangu biskuti, lakini mutu mwenye bunduki ndani ya nyumba ya mwanamuke asiye na bwana, munajua usingizi wa nyumba hiyo unavyokuwa. Kitu kimoja tu alikuwa anaogopa: maua. Harufu ikiingia alikuwa anafunga dirisha. "Mama, fololo oyo ezali ya bakufi," alikuwa anasema. Kwao, eti, maua haya ni ya wafu.

"Basi ni ya ndugu zako," Mama alimujibu siku moja, "maana bafu nabo banaingiaka bila kubisha."

Halafu akaja baba mudogo, mudogo wa Papa. Sitamufanya shetani. Alimupenda kaka yake, na alikuja na neno la desturi. Kwetu mutu akifa na mwili usionekane, hatuwezi kumuacha anazungukazunguka. Tunakata mugomba, tunaulaza nyumbani, tunaufunika shuka, tunaulilia kama mwili, tunauzika. Baada ya pale mufu anatulia, na matanga yanaisha. Lakini mugomba ukizikwa, muke anakuwa mujane. Na mujane, ukoo unakaa kuamua habari zake. Baba mudogo alikuwa amekwisha kuamua: muke wake wa pili atahamia kwetu, sisi watoto tutabaki, ni wa ukoo, na Mama, kama hataki kuwa wa tatu, arudi kwa wazazi wake Kirumba.

"Bwana yangu hapana kufa," Mama alisema.

"Shemeji, ona batoto. Mudogo anakohoa kila siku. Ni mufu anabagusa. Unataka babaki batoto ya mutu mwenye kuzunguka?"

Hapo Mama aligeuka kumuangalia mutoto. Mudogo wangu alikuwa anakohoa kweli. Siku ikapangwa. Nilienda kwenye maua nikayaambia: "Papa, banataka kufukuza Mama. Kuya mbio." Nilipuliza mpaka nikaanguka kwenye benchi.

Mugomba ulilazwa salon asubuhi. Ajida alihamisha godoro lake kwa heshima. Waliuchagua wa urefu wa Papa, wakauweka juu ya mukeka, wakaufunika na shuka nyeupe. Kuuzika ilikuwa kesho yake, baada ya misa ya asubuhi. Wanawake wakaanza kulia kwa zamu. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, kama ulikuwa na miguu. Nanyi munajua mugomba uliokatwa unatoa maji. Polepole shuka ikaanza kulowa, kwanza upande wa kichwa. Watu wakubwa waliona utomvu. Mimi niliona mutu anatoka jasho, na kwamba wanataka kumuzika muzima. Nilianza kuvuta shuka, Mukaka akanishika bega. Mama alikuwa ameketishwa karibu na ukuta, wanawake huku na huku, hairuhusiwi ainuke. Hakuinuka muchana kutwa.

Inje wanaume walikuwa chini ya avoka, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Ajida alikuwa pamoja nao, kiti chake kimeegemea shina.

Jua lilipoanza kuzama, nikatumwa kuanua nguo. Hapo ikanikuta: ndimu, sabuni, kichwa cha mutoto muchanga. Haikuwa majira ya maua yetu, hakuna hata moja lililokuwa limefungua. Ilikuwa inakuja na ukungu, nzito, na wanaume walikuwa wameacha kuongea, kila mumoja anainua pua. Nilifuata harufu mpaka kwenye shina, nyuma ya kiti cha Ajida, juu kidogo ya kichwa chake. Pale palikuwa na ua jeupe kama nyota, lenye mukia mrefu, na mizizi yake ingali imeshika kipande cha ganda la muti usio wa kwetu. Lilikuwa limefungwa na kitambaa. Buluu. Funguo nyekundu.

Sikumbuki nilivyoita. Wanasema nilisema: "Papa amesimama inje."

Ajida aligeuka, akaona, akaruka kiti kikaanguka. "Haikukuwa hapa! Naapa na kichwa yangu, haikukuwa! Nimekaa hapa tangu asubui!" Watu wakamiminika kutoka ndani. Mama alikuja wa mwisho. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya lile ua mikono kinywani, anaangalia mahali pale kitambaa kilipopasuliwa, meno yake yote inje, na aliloliona yeye mimi nililijua, maana nilikuwepo asubuhi ile ya ugomvi.

Mukaka akasukuma watu. Macho yake hayakuwa yanaona sana, kwa hiyo akaweka vidole. Alipapasa kitambaa, akazunguka nacho, akafika kwenye fundo upande wa jua linapozama, akafuata ncha zote mbili zilizoelekea chini.

"Ee Nyamuhanga, Mungu wetu," akasema. "Ile fundo njo nilimufundisha miye, ya kufunga mbuzi."

"Mama, ni mutu tu amefunga!" baba mudogo akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ndiyo. Ni mutu. Mugomba haifungake fundo." Akageuka kuelekea nyumba. "Hapana kuzika mutu mwenye angali anafunga. Toeni ile kitu mu salon, mupatie mbuzi."

Wakaitoa. Baba mudogo alikuwa wa kwanza kwenda kwake. Ajida alilala kambini siku ile, kesho yake akatuma mutu kuchukua godoro, na hakuna askari mwingine aliyetaka nyumba yetu, habari zilikuwa zimetembea. Mama alibaki mwenye mulango wake. Mudogo wangu alipona kikohozi kwa dawa ya dispanseri, nasema nisije nikaonekana naongopa. Papa tulimutafuta kila mahali jioni ile, kwenye migomba, nyuma ya choo, barabarani. Mimi nilimuangalia Mama nikamuambia aende kumuomba radhi kuhusu shemizi, ndiyo maana haingii. Akanipiga kofi. Ndilo kofi moja tu alilowahi kunipiga, na mara moja akanikumbatia akalia, kilio kile alichokuwa amekificha tangu kamio iwake.

Nikakua, nikasoma hapa Beni, nikapata akili. Mutu mwenye akili anajua kwamba waliopotea Eringeti hawarudi kufunga maua. Nikayapanga yote. Mama alikuwa na vikwembe vya kitambaa kile kile, si ndiyo? Alipasua ukanda pembeni. Shoferi mumoja, rafiki wa Papa, alimuletea ua. Mama akalifunga alfajiri, na siku ya matanga nani anaangalia muti? Ua lenyewe halinuki muchana, kwa hiyo lilikaa pale limenyamaza mpaka magharibi. Ajida alikuwa amelewa kasiksi. Fundo, Mama alikuwa ameliona kwa bwana yake miaka yote. Ona mwanamuke alivyofukuza jeshi na ukoo kwa ukanda mumoja wa nguo! Nilikuwa najivunia Mama kupita kiasi. Niliwaeleza wadogo zangu, niliwaeleza watoto wangu, tulicheka.

Mara moja nilimuambia yeye mwenyewe. Alikuwa anachambua maharagi. "Mama, sema kweli. Ulipasula kikwembe."

Hakuinua kichwa. "Kama unaona ni miye, basi ni miye."

Nilichukua hilo kuwa ndiyo. Na kila jioni aliendelea kufungua mulango na kusimama kizingitini, hata uzeeni, hata na baridi ya mapafu. Kitambaa pale kwenye avoka kilioza kama kinavyopaswa, mizizi ikawa imeshika, ua likazaa. Haya yaliyo kwenye baraza yangu ni watoto wake.

Mama alipokufa tukakutana Butembo. Baba mudogo ni muzee sasa, anatembea na fimbo, na vita viliwala watoto wake wawili, amekuwa mupole. Akanishika mukono. "Binti yangu, kama unakubali, tukate mugomba ya kaka yangu, tuizike pembeni ya Mama yako. Miaka ni mingi. Balale pamoja." Nikakubali. Nilikubali kwa furaha hata, nikaona ni jambo zuri. Mugomba ukakatwa, ukalazwa karibu na Mama, na shuka yake nyeupe.

Mama alikuwa ameacha neno kwamba avalishwe nguo ya ndoa. Haikuwahi kuvaliwa tangu Papa aondoke. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo wake kwenye rozari. Wanawake wakanituma. Nikafungua, harufu ya nafitalini ikanipiga. Juu kulikuwa na kitabu chake cha misa, chenye kifuniko cha mabaki aliyoacha fundi, alikishona yeye mwenyewe mwaka wa ndoa. Chini yake nguo.

Nilikunjua kikwembe cha kwanza nikitabasamu, natafuta mahali alipopasua. Maandishi ya kiwanda yalikuwa yanatembea kwenye pindo zote mbili, mwanzo mpaka mwisho. Kizima. Nikasema basi ni cha pili. Nikakunjua cha pili kitandani, nikakipitisha vidoleni kama Mukaka, pindo baada ya pindo. Kizima. Nikageuza libaya inje ndani, mikono, kola, upindo wa chini. Nikarudia tena yote. Nikakaa chini kwenye simenti.

Niliogopa, nawaambia kweli. Umri huu, na wajukuu, na niliogopa kama siku ile ya mugomba unaotoka jasho. Mama hakupasua kitu. Mama hakunidanganya, mimi ndiye nilijidanganya kwa niaba yake, na yeye aliniachia, kwa sababu mutoto anahitaji usingizi. Miaka yote alijua kwamba kuna mutu alisimama inje na shemizi iliyopasuka.

Nilitoka na nguo mukononi. "Mugomba hapana," nikasema. "Mupatie mbuzi."

Watu wakaanza kunung'unika. Baba mudogo akaja polepole, akashika pindo, akalifuata na kidole gumba mpaka mwisho, akachukua cha pili, akafuata. Aliinama mwenyewe, na mugongo wake ule, akashika ncha moja ya mugomba, akasaidia kuutoa inje.

Tukamuvalisha Mama. Tulipomaliza ilikuwa magharibi, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka Rughenda. Nikaenda kufungua mulango mpaka mwisho. Mutu nyuma yangu akasema baridi inaingia. Nikasimama kizingitini, uso kwenye avoka, harufu imefika. Nilikuwa nikijua siku zote Mama alikuwa anasali hapa. Lakini nilipofungua kinywa, midomo yangu ikatembea kama yake, na nikasikia neno lenyewe.

"Papa, ingia. Ata kama imepasuka, ingia."